Utani Uliofika Wodini

Nina miaka sabini na moja, mjane, nesi mstaafu, naishi hapa Tabora mjini. Majirani wananiita Bibi Nesi na kunisifu kwamba nina mkono mwepesi. Laiti wangejua! Sifa zao zinanichoma kuliko matusi...

Nilizaliwa Igalula, karibu na stesheni. Baba alikuwa mkulima na mrina asali, Mkatoliki asiyekosa misa. Jirani yetu alikuwa mtu wa reli, Mgogo, Mzee Ndahani, pamoja na mkewe, Mama Ndahani. Na mnajua wenyewe, Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita Ugogo na pembe za ndovu mabegani wakatozwa hongo kwa kunywa maji tu!

Mama Ndahani hakuwahi kuniita Perpetua. Kwake mimi nilikuwa "Mnyamwezi", nami nilimwita "Mgogo", ingawa alikuwa rika la mama yangu. Asubuhi nilimpa shikamoo yake. Akishaitikia marahaba, basi, heshima imekwisha, matusi yanaanza!

Nilipomaliza shule nilichaguliwa kusomea unesi. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa, na redio ilituhimiza vijana tukalitumikie taifa. Lakini niseme kweli, si taifa lililonivuta. Nililipenda lile gauni jeupe lililotiwa wanga, na ile kofia... Nilijiona nimeshaivaa!

Baba alikataa katakata. "Ukashike uchi wa wanaume wa watu? Bora ulime tumbaku!" Mama alilia, padri akaja kumsihi, wapi! Baba hakutikisika.

Ndipo Mama Ndahani alipokuja kwetu, akachukua baiskeli ya baba mbele ya macho yake na kuikokota hadi kwake.

"We Mnyamwezi," alimwambia, "ile mizigo mliyobeba mpaka pwani imewabana akili. Baiskeli utaiona mtoto akishapanda treni!"

Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, umeaibika wewe. Baba alitembea kwa miguu, akanuna, akaishia kucheka, na mwisho akasema niende. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu, wasomaji wenzangu. Niliipata kwa mdomo wa yule mama!

Chuoni nilifaulu. Nikapangiwa wodi ya wazazi katika hospitali ya hapa Tabora, chini ya Sista mmoja mkali kama pilipili. Kila siku alitukariria neno lilelile: ukipita kwa mwanamke aliyetoka kujifungua, funua blanketi, tazama damu, bonyeza tumbo. Usimwulize hali, tazama kwa macho yako! Tulikuwa tukimwigiza nyuma ya mgongo wake na kuvunjika mbavu.

Sikuwa nimekaa sana kazini Mama Ndahani alipoletwa kwa treni kuja kujifungua. Uzazi wake uliotangulia ulikuwa wa shida, kwa hiyo mumewe hakutaka kubahatisha. Jinsi alivyofurahi kuniona katika lile gauni! Aliwatangazia wagonjwa wote kwamba nesi huyu ni mali yake, amemnunua kwa baiskeli.

Alijifungua salama asubuhi, mtoto wa kike. Nikamlaza, nikamfunika, nikaendelea na kazi. Wodi ilikuwa imejaa, na sisi wawili tukawa ndio burudani ya wodi.

"We Mnyamwezi!" aliniita. "Nakufa huku, njoo uone!"

"Kufa upesi, Mgogo, kitanda kina foleni!" nilimjibu. "Na sisi tupate ubwabwa wa msiba!"

Wodi nzima ilicheka. Hata yeye alicheka, nilimwona. Nikapita na sinia langu la dawa. Sikufunua blanketi.

Baadaye kidogo aliniita tena, kwa sauti ya chini.

"Mwanangu... nasikia baridi."

Nilisikia lile neno. Msije mkadhani sikulisikia! Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo. Lakini wale wanawake walikuwa wakinitazama, wakisubiri jibu langu, nami nilikwishazoea kuchekwa na kusifiwa...

"Baridi ya Dodoma hiyo," nilisema, "imepanda treni kukufuata!"

Wakacheka tena. Safari hii yeye hakucheka. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi alikuwa kimya, midomo imepauka. Nilifunua blanketi. Mungu wangu! Godoro lote lilikuwa limelowa damu. Nilipiga kelele, Sista akaja mbio, daktari akaja, wakahangaika naye kwa kila walichokuwa nacho. Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Sista aliniuliza jambo moja tu. Je, nilikuwa nimemtazama? Nikasema ndiyo, Sista, nilimfunua, palikuwa pakavu. Uongo ulitoka laini kama maji! Naye akaniamini, akaniwekea mkono begani.

Huko msibani mambo yalizidi. Kwa desturi yetu mtani ndiye anayechekesha waliofiwa, aige vituko vya marehemu, alale hata kaburini mpaka ahongwe atoke. Watu walinisukuma mbele. Mtani, fanya kazi yako! Nilirudi nyuma, sikuweza. Wakasema maskini, ana uchungu. Mzee Ndahani alinishika mikono yote miwili akalia.

"Afadhali amefia mikononi mwako, mtani."

Kisha akampa yule mtoto jina langu.

Aliondoka naye kurudi kwao Dodoma, lakini kila likizo kubwa mtoto aliletwa kunisalimia. Nilimshonea magauni, nilimpikia mlenda wa karanga. Aliniita somo, nami nilimwita somo, kama inavyowastahili watu wa jina moja.

Alipomaliza shule alikuja mwenyewe, amechangamka. Amechaguliwa kusomea unesi! "Nataka niwe kama wewe, somo."

Je, ningenyamaza tena? Nilimkalisha, nikamweleza yote. Blanketi, chai, ule uongo kwa Sista... yote. Nilitegemea anitukane. Nilitamani anitukane.

Aliuliza jambo moja tu, "Mara ya mwisho mama alikuitaje?"

"Aliniita mwanangu," nikasema.

Aliinama, akafunga kamba za viatu vyake polepole ingawa zilikuwa zimefungwa. Akaniaga kwa adabu zote.

Sasa ni nesi, tena nesi kweli. Tukionana ananipa shikamoo yangu kikamilifu, hajaikosa hata siku moja. Lakini ananiita Sista. Lile neno somo sijalisikia tena, na sistahili kulidai.

Nanyi mabinti mnaokimbilia kazi hii kwa ajili ya gauni jeupe, nawasihi kwa machozi. Taniana na mgonjwa, mchekeshe, hilo halina dhambi. Ila funua blanketi kwanza! Na siku mtani wako atakapoacha kukutania, tupa sinia, acha chai, kimbia kitandani kwake... Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na nilikuwa nacheka.