Namba Ishirini na Saba

Siku alipokutana na mwanamume aliyemtoa akili, Mwalimu Mkuu alikuwa amebanwa kwenye duka la kutolea nakala, mbele yake mwanachuo mwenye tasnifu, nyuma yake mama mwenye kitambulisho, na joto la mashine likimpiga usoni. Gauni lake la kijani lilinyooshwa likanyooka kama kadi. Mwenye duka, mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono, hakujali cheo.

"Dada, foleni inaanzia kule."

"Nina karatasi mia tatu za mtihani."

"Basi foleni yako inaanzia kesho."

Watu wakaangua kicheko. Naye Mwalimu Mkuu, ambaye wanafunzi walimwita Rula, akacheka mpaka akajishangaa. Alirudi kesho yake kama alivyoambiwa. Keshokutwa alirudi tena, na safari hiyo hata karatasi hakuwa nayo.

Miezi minane ikapita, wakiitana "Fundi" na "mwalimu wangu", wakipigiana simu kila mapumziko kuulizana mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Fundi alishasema wazee wake wako tayari kupeleka posa. Alikuwa akiishi na mdogo wake wa kike, mpiga pasi kwa dobi. Binti huyo aliwahi kusoma shule ya Mwalimu Mkuu, mkondo wa C, akaacha kidato cha pili.

"Darasa lilimshinda," Fundi alimwambia siku moja.

"Si kila mtu ni wa darasani, mpenzi wangu," alijibu, akimpapasa mkono. Alilisema kwa wema kabisa, na hilo ndilo baya lake.

Shule yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Kila mgeni wa kidato cha kwanza aliandika insha, na insha hiyo ikampeleka A, B au C. Wa A walipata maabara na walimu wazoefu. Wa C walipata chumba kilichopakana na vyoo, na mwalimu yeyote aliyebaki. Tangu Mwalimu Mkuu apewe ukuu, jambo moja lilimkosesha raha: wa C karibu wote walitoka ng'ambo ya reli, mitaa ya maskini. Walimu waliapa kwamba ni vipaji tu. Akapiga moyo konde, akazitoa stoo insha za miaka mitano nyuma. Alama zilikuwa zimeandikwa juu tu, kando ya jina na mtaa. Fundi akaikata sehemu hiyo kwa mashine, akagonga namba, akavifungia dukani vipande vya juu. Kila mwalimu akarudishiwa rundo lake mwenyewe alisahihishe upya bila kujua ni la nani. Mwalimu Mkuu, ambaye miaka hiyo alifundisha lugha, naye akapewa lake; matokeo yangesomwa kwenye mkutano wa wazazi Jumatatu iliyofuata.

Jumatano mchana akampigia simu. "Haya, Fundi. Rundo langu hili. Mimi nasoma alama mpya, wewe unanisomea jina, mtaa na alama ya zamani."

"Nikikosea utanichapa?"

"Nitakukalisha mbele kabisa."

Waliendelea wakicheka, kisha kicheko kikapungua. Watoto wa ng'ambo ya reli walikuwa wanapanda. Kumi juu. Kumi na nane juu.

"Namba ishirini na saba," alisema. "Sitini na nane. Hii nzuri sana, ningempeleka A bila kufikiri. Jina?"

Alisikia karatasi ikigeuzwa, kisha ikigeuzwa tena.

"Fundi? Upo?"

"Ulimpa thelathini na moja," alisema Fundi. "Ni mdogo wangu."

Mwalimu Mkuu aliitoa insha hiyo kwenye rundo, akaiweka peke yake. Jioni Fundi alikuja ofisini, akasimama mlangoni.

"Usimwambie."

"Nitasimama mbele ya wazazi Jumatatu niseme ya walimu wangu, niifiche yangu?"

"Sema yako. Namba yake itoe. Ameshakubali kwamba hakuwa na akili, ameshazoea, analala usingizi. Ukimwambia leo alikuwa nayo, umemsaidia nini?"

"Ni haki yake kujua."

"Haki yake, au roho yako inataka kutua?" Akafuta uso kwa kiganja. "Sijawahi kukuomba kitu. Hiki kimoja tu."

Alimpenda mtu huyo kuliko alivyowahi kupenda. Usiku kucha aligaagaa, akitafuta namna ya kumpa alichoomba, na kila namna ilifanana na ile thelathini na moja: kumwamulia binti bila kumsikiliza.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa dobi. Binti alikuwa kwenye mvuke, shati la mtu mbele yake. Mwalimu Mkuu alisema yote, bila kupunguza, kisha akampa ile insha. Binti aliisoma polepole akiwa amesimama, midomo ikicheza.

"Ni mimi niliandika hivi?"

"Ni wewe."

"Kosa lilikuwa wapi?"

"Halikuwepo. Niliona mtaa kabla sijasoma."

"Kaka anajua?"

"Tangu Jumatano."

Binti alizima pasi, akapiga simu. Fundi alifika akihema, akamkuta mdogo wake analia bila sauti. Alijaribu kumshika bega, akasukumwa. Ndipo akamgeukia mchumba wake.

"Kosa la miaka mitano ningelibeba," alisema. "Lakini nitakuoaje, akae mezani akuone kila siku? Na mimi sasa ananiona kama anavyokuona wewe. Nenda, mwalimu wangu. Tumeishia hapa."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Mwalimu Mkuu aligeuka kwa binti, akaanza, "Naomba unisa—"

"Usiniombe samahani uondoke umepumua." Binti alijifuta kwa upindo wa nguo. "Tuko wangapi?"

"Rundo langu peke yake, kumi na tisa."

"Wengine umewaambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

Binti aliwasha pasi tena, akalivuta shati.

"Basi wamebaki kumi na wanane," alisema. "Unasubiri nini hapa?"