Neno Ambalo Hawakulitunga

Haya nilielezwa na Nyanzala, mama yake Minza, Jumapili ile baada ya Pasaka, tukipepeta mchele wa Kakese.

Minza alikutana na Dieudonne sokoni Mpanda. Gunia la mchele la Minza lilitoboka, Dieudonne, kijana fundi simu, akasimama anatazama.

"Dada, mchele unamwagika."

"Macho hayaokoti. Inama."

"Nikiokota, namba ya simu napata?"

"Okota kwanza."

Akaokota mpaka suruali yake ya kahawia ikawa nyeupe magotini.

Dieudonne ni wa familia za Warundi waliokuja kama wakimbizi, wa Katumba. Machibya, baba yake Minza, Msukuma wa ng'ombe, asingetaka kusikia hilo. Basi wakatunga maneno yao ya kwenye simu. Baba wakamwita sulo, dirisha dibwe. Walitaka yabaki ya watu wawili, lakini wauza mchele wenzake Minza waliyasikia, wakayatumia kuwasema wateja wagumu, wakaongeza na yao. Nyanzala naye anauza pale pale. Akayabeba mpaka nyumbani, Minza hana habari.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa tatu, Machibya akamkubalia Malale wa Kasokola, mwenye zizi kubwa, amwoe Minza. Minza akanyang'anywa simu, akafungiwa chumbani. Siku tatu anahesabu mabati, hewa nzito, kufuli nje. Siku ya nne mchana baba akaingia na simu.

"Mpigie huyo kijana wako. Mwambie basi, yameisha. Nasikiliza."

Akafungua spika ya simu. Minza, gauni la njano limekunjamana mwilini, akasema kwa maneno yao: sulo yuko hapa, njoo kesho na pikipiki, nitatokea dibwe.

Dieudonne akajibu kwa maneno hayo hayo: "Mpenzi, sikuibi kama kuku. Nakuja na wazee wangu, mlangoni. Sulo akinifukuza, nitarudi tena."

Machibya akaichukua simu. "Haya, tunakusubiri, lukweso."

Sauti ya Dieudonne ikatoka simuni:

"Mzee, shikamoo. Hilo neno sisi hatukulitunga."

"Marahaba. Nyie mlitunga ya kujifichia tu. Hilo katunga mke wangu. Maana yake mkwe."

Minza akakaa chini. "Baba, unaelewa tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Wageni wakiwepo mama yako ananisema kwa hayo hayo. Nilijua mnaongea. Sikujua tu kama kijana ni mtu wa dirishani au wa mlangoni. Malale nitamwambia mwenyewe atafute kwingine."

Akatoka na kufuli mkononi. Minza alitaka kucheka, akalia. Kisha akajinyoosha mkekani, macho kwenye mlango ulioachwa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu afungiwe, akalala.