Karatasi Iliyowasha Jiko

— Ragna, acha hayo maandazi, njoo kwanza uone. Hapa pameandikwa jina lako.

Turid alikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, miwani imemshukia puani. Ni shoga yangu tangu shule, na ndiye msimamizi wa maktaba ya mji wetu. Kesho yake ilikuwa siku ya jua. Baada ya miezi miwili ya kuishi bila kuliona, jua lingechungulia juu ya mlima kwa dakika chache, na mji mzima ungekuja maktaba kula maandazi ya jua na kutazama picha za mume wangu, Oddvar.

— Mimi nimejaa humu ukutani, nikamjibu. — Picha kumi na tatu, zote mimi.

Na kweli. Kila siku ya jua mimi na Oddvar tulipanda kwa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kutembelea thelujini, mpaka kibanda cha mlimani. Mimi nasimama mlangoni, mwanga wa kwanza unanipiga usoni, yeye anapiga picha. Mjini walitutania, eti mwanamume gani huyu hachoki kumpiga picha mke yule yule. Mimi nilikuwa naringa, sitawaficha.

— Si hizo. Hii kubwa ya katikati. Panda.

Picha ya katikati ndiyo iliyompa Oddvar jina. Ni meza ya kibandani chini ya dirisha. Kuna kikombe, mshumaa uliobaki nusu, daftari limefunguliwa, na mwanga wa buluu wa theluji unaingia. Aliipiga miaka kumi na nne iliyopita. Nyumbani tunayo ndogo ya kiganja, imekaa juu ya friji miaka yote. Safari hii Turid aliichukua filamu yenyewe, akaipeleka ikakuzwa mpaka ikawa na urefu wa mlango.

Nikapanda. Turid akaweka kidole pale kwenye daftari.

Mwandiko niliujua kabla sijasoma hata neno. Herufi zimelalia kushoto kama zimechoka. Jostein.

"Ragna, nimekungoja siku tatu. Upepo umetulia, lazima nishuke asubuhi hii. Meli inaondoka Ijumaa saa sita mchana. Kama ni njia iliyokuzuia, njoo gatini. Nitasimama kwenye ngazi mpaka waiondoe."

— Huyu si yule kijana wako wa zamani? Turid akauliza taratibu. — Si ulisema hakutokea?

— Hakutokea, nikasema.

Nikashuka ngazi nikiwa nimeshika kila kidaraja kwa mikono miwili.

Jostein nilimpenda kabla ya Oddvar. Alipata kazi ya melini, akataka tuondoke wote, mimi nikasitasita, mama alikuwa anaumwa. Tukagombana wiki nzima. Mwisho akasema: "Siku ya jua nitakuwa kibandani. Ukija, tunaondoka pamoja. Usipokuja nimeelewa, sitakusumbua hata kwa simu." Na mimi kwa kiburi changu nikamjibu sawa, hakuna kupigiana simu.

Ikaja dhoruba, barabara ikafungwa siku tatu. Ilipofunguliwa, nikapanda na Oddvar. Wakati ule alikuwa mwalimu mwenzangu tu, na huku kwetu theluji ikiwa mpya hakuna anayepanda peke yake. Karibu na kilele skii yangu ikakatika kamba.

— Mimi natangulia nikawashe jiko, akaniambia. — Wewe funga hiyo polepole.

Nilifika dakika ishirini baadaye. Kibanda kizima kilikuwa na joto, mpaka nikamsifu. Nikafungua daftari kwa vidole vya baridi. Jina la mwisho lilikuwa la wazee wawili waliopita wiki mbili nyuma. Jostein hakuwamo.

Mjue, daftari la kibanda hatulichezei. Ukipotea mlimani, waokoaji wanaanzia pale: jina lako, umetoka wapi, unaelekea wapi, mko wangapi. Watu wa kwetu wanadanganya kuhusu samaki waliovua, wanadanganya umri, wanadanganya kilo. Kwenye daftari la kibanda hadanganyi mtu. Kwa hiyo niliamini. Nikalia mbele ya jiko, Oddvar akanimiminia kahawa, akanifunika koti lake. Mwaka wa pili tukaoana.

Kutoka maktaba nilirudi nyumbani, nikamkuta Oddvar stoo akizipaka skii zetu nta ziteleze vizuri. Alikuwa anapiga mluzi.

— Umerudi mapema, mke wangu. Kesho ni baridi kali, nimetumia nta ya buluu.

— Oddvar, siku ile ulipotangulia kibandani, moto uliuwashia nini?

— Kuni.

— Na hizo kuni uliziwashia nini?

Mkono wake ukasimama juu ya skii. Mluzi ulikuwa umekwisha zamani.

— Nani amekwambia?

Hakuniuliza nazungumzia nini. Aliuliza nani ameniambia. Nilikuwa bado na tumaini dogo, pengine kuna maelezo, na tumaini lenyewe likafia pale stoo.

— Umeniambia wewe mwenyewe. Umenitundikia maktaba, urefu wa mlango.

Akakaa juu ya boksi la zana. Alikuwa mweupe kama ukuta.

— Nilipoipiga sikuwa nimesoma, Ragna. Niliona mwanga tu. Halafu nikasogea kuondoa kikombe nipige nyingine, ndipo nikaona jina lako.

— Ukasoma.

— Nikasoma.

— Ukachana.

— Nilisikia skii zako zinakuja nje. Sikufikiri.

— Na miaka kumi na nne yote hujafikiri?

— Nimefikiri kila siku. Ile ya juu ya friji niliikagua kwa kioo cha kukuzia, haikusomeka. Nikajua filamu haikushika maandishi.

— Kumbe uliikagua.

Akaokota kopo la nta, akaanza kulifunga.

— Kwa nini hukuichoma filamu nayo?

— Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nilicheka, kicheko kibaya. Barua yangu aliitia motoni, picha yake akaionea huruma.

— Mama yako nilimuuguza mimi, akasema, machozi yanamtoka. — Nilimbeba mikononi kumpeleka bafuni. Nimewahi kukunyanyasa? Nimewahi kukuinulia sauti?

— Hujawahi.

— Basi yule angekupenda hivi?

— Sijui, Oddvar. Uliniondolea nafasi ya kujua.

Nikachukua skii zangu, nikaenda kwa Turid.

Turid alinipa supu ya samaki, akakaa na simu yake, akatafuta jina la Jostein. Halikumsumbua. Jostein alikuwa fundi wa injini za boti katika mji wa kusini, safari ya saa tisa kwa gari.

— Usipige kama hutaki, akasema.

Nikapiga. Akapokea msichana mwenye sauti changamfu.

— Baba yuko chini ya injini. Nimwambie nani?

— Mwambie Ragna.

Nikasikia anaita, nikasikia chuma kinaanguka sakafuni. Halafu pumzi.

— Ragna, akasema. Sauti ilikuwa nzito zaidi, lakini yeye.

— Jostein, karatasi yako nimeisoma leo.

— Karatasi gani?

— Ya kibandani. Ilichanwa kabla sijafika. Nimeisoma leo mchana, kwenye picha.

Nikasikia anavuta kiti, akakaa.

— Kwa hiyo ulikuja.

— Nilikuja. Siku ile ile uliyoshuka. Wewe asubuhi upande wa gatini, mimi mchana upande wa mjini.

— Nilisimama kwenye ngazi ya meli, akasema. — Nahodha akanitukana, nikamwambia dakika mbili. Akanipa kumi. Kila gari lililoingia gatini nilidhani wewe.

Nililia, sikuwa na aibu. Na yeye nilimsikia anavuta pua.

— Una furaha? nikamuuliza.

— Nina mke mwema, Ragna. Nina mabinti wawili. Usiniulize hivyo, tafadhali.

— Sitakuuliza tena.

— Miaka yote hii nilikuwa na hasira na wewe. Sasa nitaipeleka wapi?

Tukaagana kama watu waliozika, kila mmoja akimwambia mwenzake ajitunze.

Asubuhi nilikuta ujumbe wa Oddvar: "Mke wangu, najua sistahili kuandika. Usipande peke yako leo, theluji ya juu haijakaa vizuri. Niruhusu nije nyuma yako kwa mbali. Sitasema kitu."

Nikamjibu: "Njoo na kalamu."

Tulipanda saa mbili nzima bila neno. Mimi mbele, yeye hatua hamsini nyuma, kamera yake kifuani ndani ya koti isigande betri. Mbingu ilikuwa ya waridi upande wa kusini. Miaka mingine ningesimama kila kona nimwonyeshe kitu, nyayo za sungura, barafu iliyoshika matawi, naye angesema "simama hapo hapo". Nilijikuta mara mbili nimesimama kwa mazoea. Nikaendelea.

Kibandani akavua glavu, akainama kwenye jiko.

— Acha, nikamwambia. — Moto wa jiko hilo siutaki.

Akasimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia. Nikamfungulia daftari, daftari jipya, meza ile ile.

— Andika.

— Niandike nini?

— Uliyoyafanya. Hapa hadanganyi mtu.

Akaandika muda mrefu. Kalamu ikaganda, akaipasha moto kwa pumzi, akaendelea. Kisha akanigeuzia nisome.

"Oddvar na Ragna. Tumetoka nyumbani. Tunarudi nyumbani. Watu wawili. Miaka kumi na nne iliyopita, siku tatu baada ya siku ya jua, nilichana ukurasa wa daftari la kibanda hiki. Jostein alikuwa hapa siku tatu akimngoja Ragna. Kwa ukurasa huo niliwasha jiko. Ragna aliota moto huo bila kujua."

Nilisoma, nikakumbuka kitu. Dakika ishirini hazitoshi kupasha kibanda kizima, joto lile halikuwa la Oddvar. Jostein aliondoka asubuhi, na kibanda kilikuwa bado na joto lake.

Nje pakaanza kung'aa. Tukatoka wote mlangoni, maana miguu imezoea. Jua likatokeza ukingo tu, jekundu, likanipiga usoni. Oddvar akaingiza mkono kifuani, akaigusa kamera, akautoa mkono mtupu.

— Ungemfuata? akauliza. — Kama ungeisoma siku ile, ungekwenda gatini?

Nilikuwa nimeapa nisimwambie. Lakini nilikuwa nimesimama mahali pa kutodanganya.

— Barabara ilifunguliwa saa ngapi siku ile, unakumbuka?

— Asubuhi. Saa mbili.

— Na sisi tuliondoka saa ngapi?

— Mchana. Nilikuwa na vipindi.

— Mimi sikuwa na kipindi siku ile. Kina Turid walikuwa wanapanda asubuhi, walinipitia. Nikawaambia watangulie, na bila mimi wakaona heri waende bonde la pili. Ningekwenda nao kibandani, ningemkuta Jostein anafunga mizigo. Sikwenda. Nilikungoja wewe umalize vipindi.

Akanitazama kama haelewi.

— Kwa nini?

— Nilitaka kupanda na wewe. Moyo ulikuwa umeshaanza kuhama, Oddvar, nilikuwa naona haya kujiambia. Pengine ningefika gatini Ijumaa, nikamuaga Jostein vizuri, nikamwombea heri, nikarudi kwako kwa miguu yangu mwenyewe. Pengine. Ila hukuningoja nikuchague.

Akakaa chini palepale kwenye theluji, akafunika uso kwa mikono isiyo na glavu. Nilitaka kumvalisha glavu zake. Miaka kumi na tatu ya ndoa haitoki mwilini kwa siku moja, nampenda yule mtu, hilo mliandike. Nikaziweka glavu magotini pake, nikarudi ndani.

Kwenye daftari nikapiga mstari kufuta pale alipoandika watu wawili. Chini yake nikaandika kwa herufi zilizonyooka, ili waokoaji wasipate tabu: "Ragna. Mtu mmoja. Nashuka upande wa gatini."

Turid alikuwa ameahidi kuningoja na gari kule chini. Nikafunga skii, nikakaza kamba mara mbili, nikashuka. Jua lilikuwa limeshazama tena, ila mwanga wake ulibaki kwenye theluji, na njia niliiona vizuri.