Shetani Akuchukue

Ilianza na harufu ya kiberiti nyuma ya pipa la maji, na hakuna mtu aliyekuwa amewasha moto. Wachuka, msichana wa miaka tisa, alikuwa peke yake kwenye chumba chao cha kupanga hapo mtaani Karagita, kufuli iko nje, hata chai hajaonja. Babake alikuwa ameenda kazini shamba la maua, na alisema mtoto hatakula mpaka akariri ile amri ya kuheshimu wazazi.

Huyo babake, Mburu, alikuwa mzee wa kanisa. Kanisani machozi, nyumbani kipande cha mpira wa maji! Mkewe alishatoroka kitambo. Kila akimchapa mtoto alifoka, "Shetani akuchukue!" Wengi husema hivyo wakikasirika, wakidhani hakuna anayesikiliza.

Sasa kona ile ya pipa ikanong'ona: "Rudia ninayosema." Ikamfundisha amri yote pole pole, bila kumgombeza. Wachuka akaipenda hiyo sauti. Jamani, angefanyaje? Hakuna mwingine aliyewahi kukaa naye.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada Mburu akamsimamisha mbele yake. Wachuka akaisema amri bila kukosea, lakini kwa sauti nzito ya mwanamume. Mburu akashtuka, akanyakua mpira, akamcharaza mgongoni. Akiinua mkono mara ya pili, mkono ukamgeuka, mpira ukamrudia usoni, ukampasua mdomo, ukamshukia shingoni, na kadiri alivyojaribu kuuachilia ndivyo vidole vilivyozidi kuukaza, damu ikaruka ukutani, jino likaangukia sufuria, naye akapiga mayowe mpaka jirani yao, pasta Odero, akavunja mlango.

"Nani amekuita hapa?" Odero aliuliza, akinusa kiberiti na kumkazia mtoto macho.

"Baba yake," sauti ikajibu kinywani mwa mtoto. "Kila siku ananiambia nimchukue. Nimekuja."

"Mburu, futa hayo maneno!" Odero akamnong'onezea. "Sema mtoto ni wako. Haraka!"

Mburu akatema damu. "Ni wangu. Woi, ni wangu! Nisamehe, Wachuka."

Mpira ukaanguka. Harufu ikakatika. Wachuka akalia kwa sauti yake mwenyewe, na Odero akamshukuru Mungu.

"Imeisha, mami. Enda kwa baba."

Mtoto akaitazama mikono ya Mburu, ile aliyomnyooshea. Akaipita. Akaenda kuchutama kwenye kona, mdomo karibu na ukuta.

"Rudi," alinong'ona. "Tafadhali rudi. Akipona atanichapa."

Pipa likasogea lenyewe, likampa nafasi.