Mashine Isiyo na Diski

Mwaka 2001, siku ya soko pale Kimemi, Nasiba binti Asumani, kitenge chake cha manjano kimefungwa kiunoni, alikuwa akiitoa kompyuta nje ya ofisi yake ya kuchapa barua ili aitupe. Askari walikuwa wameing'oa diski. Kijana mwenye daftari kwapani akasimama katikati ya kelele za wapita njia.

"Dada, batu hapana kutupa muzima."

"Bamemutoa kichwa. Unaona muzima fasi gani?"

"Kichwa iko. Bametoa kumbukumbu tu."

Aliitwa Muyisa, na ujuzi wake aliutoa katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Alimweleza kwamba mashine ikiwashwa, hata bila système, programu kuu ya kuiendesha, hutafuta kwenye diskete maagizo machache, ya kujaza nusu ukurasa tu, na kuyatii. Mashine ikarudishwa ndani, na tangu hapo, kila alasiri jenereta iliponguruma, alikuja kupanga maagizo yake kwa namba, na Nasiba akimtania kwamba anaiposa mashine. Mwezi wa pili alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, akaacha diskete ndani ya mashine.

"Kesho washa," alisema.

Kesho yake hakuonekana. Alikuwa amekwenda Mangina kumchukua mama yake, na vita vikaikata barabara. Katika phonie, redio ya mawasiliano ya wasafirishaji, dereva mmoja alisema ameona maiti kando ya njia, na shati jeupe la Muyisa juu yake.

Saa tisa alasiri hiyo Nasiba aliwasha. Kioo kilikaa cheusi kitambo, kisha zikatokea herufi nyeupe: NASIBA, UNANIKUBALI? N AO H.

Chini yake alama ndogo ilipepesa kama jicho. Akabonyeza N ya ndiyo kwa kidole cha baridi.

NIMESIKIA.

Siku ya pili iliuliza tena, upya, kama mtu ambaye hajawahi kujibiwa. Na ya tatu. Nasiba akaamini kwamba jibu lake halifiki huko Muyisa aliko, naye hakuacha kujibu. Watu wa mwanamume mmoja, Amisi, walipokuja kutoka Beni kumposa Nasiba, alimwambia baba yake kwamba amekwisha kumkubali mtu. Asumani akauliza mtu yupi; binti akamwonyesha kioo. Mzee alisoma dua, akaamuru mashine ichukuliwe Ijumaa.

Ijumaa, kidole kikiwa juu ya N kwa mara ya mwisho, aliona ndani ya kioo uso uliokonda, nyuma ya bega lake. Hakugeuka.

"Uko mufu ao muzima?"

"Muzima. Shati nilimupatia mutu alikuwa na baridi. Hakufika."

"Nilikujibu mara kumi."

"Sikusikia hata moja, mpenzi. Ile NIMESIKIA niliandika mbele ya wewe kujibu. Haina fasi ya kuchunga jibu. Ukizima, inasahau."

"Donc basi, ilinidanganya. Na kama ningebonyeza H?"

"Sikuandikia H kitu. Ingengoja tu."

Nasiba akachomoa waya. Maandishi yakazama, wakabaki wao wawili ndani ya kioo cheusi.

"Sasa uliza wewe."

Muyisa akauliza. Nasiba akasema ndiyo, na kabla Muyisa hajatamka neno, akamgeukia na kumwekea kidole kwenye midomo. Ilikuwa na joto.

"Usiseme umesikia," alimwambia. "Kesho usiniulize tena, basi."