Mchezo wa Meza ya Ishirini na Mbili

Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nevenka Bukurov alitumwa dukani kuleta vitu viwili: mkate na gazeti. Gazeti lilikuwa la baba yake, lakini Nevenka ndiye aliyelisoma kwanza, tena akitembea, mkate umebanwa kwapani. Hakujali habari za viwanda wala za mavuno ya zabibu. Alifungua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, ambako Tihomir Zagorac aliandika kuhusu mchezo wa sataranji.

"Wewe mtoto, mkate huu umepita kwa panya?" mama yake, Draginja, aliuliza kila Alhamisi.

"Nimeumega kidogo tu, mama."

"Kidogo! Panya angekuwa na adabu kuliko wewe."

Mwaka huo ulikuwa 1954, na katika mji wetu wa Vršac hapakuwa na asiyelijua jina la Zagorac. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Wakati wa vita alifungwa kambini, na huko alifinyanga kete kwa mkate aliojinyima mwenyewe, akawafundisha wafungwa wenzake kucheza. Vita vilipokwisha akawa bingwa. Alisafiri nchi za nje, akawashinda watu wenye majina makubwa kuliko lake. Tena alikuwa mwandishi. Kitabu chake kimoja kilikuwa na michezo arobaini, yote ile aliyoshindwa, na chini ya kila mchezo alieleza alipokosea.

Lazar, baba yake Nevenka, fundi wa mabehewa ya reli, alikipenda kitabu hicho kuliko vyote. "Mtu anayevichapisha vipigo vyake mwenyewe," alisema, "huyo ni mtu wa kumwamini."

Mwezi wa Oktoba zikaja habari kwamba Zagorac angefika Vršac, Jumapili, kucheza na watu thelathini kwa mpigo katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Shule ilipewa nafasi mbili. Mwalimu Olga aliwachagua Nevenka na kijana wa darasa lake, Stanoje Perin.

"Utalia mapema," Stanoje alimtania. "Mimi nitamsumbua mpaka jioni."

"Msumbue kwanza mama yako akushonee hiyo suruali," Nevenka alimjibu.

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa. Meza zilipangwa kwa umbo la kwato ya farasi, na ndani yake akatembea Zagorac, mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la kahawia na sauti ya upole. Alisimama mbele ya kila ubao, akatazama, akasogeza kete, akapita. Wachezaji nao walipaswa kungoja. Kila mmoja alicheza hatua yake bingwa alipofika mbele yake, si kabla.

Nevenka alikuwa meza ya ishirini na mbili, skafu nyekundu shingoni. Alicheza vizuri. Baada ya saa mbili watu wazima kumi na moja walikuwa wameshainua mikono kukubali kushindwa, naye Stanoje, meza ya jirani, alikuwa ameshashindwa na kwenda kunywa maji. Nevenka bado alikuwapo. Kwa hatua ishirini na nne hakufanya kosa hata moja kubwa. Kisha akaona kwamba farasi wake amenaswa, hana pa kukimbilia. Baada ya farasi, mchezo wote ungemporomokea.

Aliitazama kete ya Zagorac iitwayo ngome. Ilikuwa kwenye mstari wa mwisho, ikimlinda mfalme wake. Kama ingekuwa hatua moja mbele, malkia wa Nevenka angeshuka mpaka chini na kumfunga mfalme papo hapo. Hatua moja tu! Bingwa alikuwa meza ya nne, amempa mgongo. Watu nyuma ya Nevenka walikuwa wakimcheka mzee mmoja aliyekataa kukubali kwamba ameshindwa. Nevenka alinyoosha kidole, akaisukuma ngome.

Zagorac alipofika, Nevenka alimshusha malkia.

"Mfalme amefungwa, Ndugu Zagorac," alisema kwa sauti ndogo.

Bingwa aliinama juu ya ubao. Akafumba macho, akayafumbua. "Niliiweka hapo?" alijiuliza polepole. Kisha akatabasamu, akampa mkono. "Hongera, binti. Umenifunga sawasawa."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Lazar, mtu ambaye hata harusini kwake hakucheza ngoma, alimbeba binti yake mabegani.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kama asali, lakini Nevenka hakuuona utamu wake. Alhamisi gazeti lilimtaja "msichana mwenye skafu nyekundu wa Vršac." Lazar alikata kipande kile akakibandika karakana, juu ya meza yake ya kazi. Mwuza mikate alimpa Nevenka andazi la bure. Mwalimu Olga alitaka auoneshe mchezo ule mbele ya shule nzima, na Nevenka akasingizia kuumwa jino.

Kisha ikaja barua kutoka Belgrad, mji mkuu. Zagorac alikuwa akiandika kitabu cha michezo ya watoto, naye aliutaka mchezo ule uwemo. Aliandika: "Niandikie hatua zote, Nevenka, hasa za mwisho. Kila nikijaribu kuukumbuka mwisho wake, nafika ukutani."

Nevenka aliketi na daftari. Hatua ishirini na nne aliziandika bila shida. Baada ya hapo kalamu ikagoma. Alijaribu kumpa Zagorac hatua ya ziada ya kuisogeza ngome. Basi na yeye mwenyewe akalazimika kupewa moja, na kwa hiyo moja farasi akaliwa. Akajaribu njia nyingine. Nayo ikakataa. Kwa mdomo angeweza kumdanganya yeyote, lakini ubao ulikataa kudanganywa. Akaificha barua chini ya godoro, akawaambia wazazi kwamba ameshaijibu.

Alhamisi ya tatu Lazar ndiye aliyelifungua gazeti mezani, wakila supu ya maharage. Alisoma kimya, kisha akaweka kijiko chini.

"Hachezi tena," alisema.

"Nani?" mkewe aliuliza.

"Zagorac. Mashindano ya taifa ni mwezi ujao, na amejitoa. Sikilizeni: 'Nimeanza kuweka kete mahali nisipopakumbuka. Kichwa kikifika hapo, mtu mwenye heshima huwaachia vijana nafasi. Nitaendelea kuandika.'" Lazar alivua miwani. "Miaka hamsini na moja tu! Kambini hawakuweza kumwondoa mezani, leo anaondoka mwenyewe."

Nevenka naye aliweka kijiko chini. Hadi siku hiyo alidhani uongo wake ulikuwa umelala ndani yake peke yake, haumgusi mtu. Kumbe ulikuwa umeshapanda treni hadi Belgrad, umeingia nyumbani kwa mtu, na kumwambia kwamba amezeeka.

"Baba," alisema, "ile ngome niliisogeza mimi."

Mwanzoni Lazar hakuelewa. Ilibidi Nevenka aseme tena, na mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Mama yake alishika kichwa. Lazar aliinuka, akaenda dirishani, akasimama huko amewapa mgongo.

"Nilikubeba mabegani," alisema.

"Najua, baba."

"Mbele ya karakana nzima."

Nevenka alilia. Baba yake hakumpiga wala hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema tu: "Jumapili tunakwenda Belgrad. Utamwambia kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nyuma yako, lakini sitasema neno badala yako."

Zagorac aliishi ghorofa ya tatu, katika chumba kilichojaa vitabu mpaka dirishani. Mkewe, Bibi Ružica, aliwaletea kijiko cha jamu ya cheri na gilasi ya maji, kama apewavyo mgeni yeyote. Nevenka hakugusa.

"Mjomba Tihomir," alisema akiwa bado amesimama, "hukusahau kitu. Ulipokuwa meza ya nne niliisogeza ngome yako hatua moja mbele. Sikukushinda. Nilikuibia."

Zagorac alimtazama, kisha akavuta ubao, akaanza kupanga kete kwa haraka.

"Keti. Ulianza hivi. Mimi hivi. Wewe farasi, mimi askofu." Mikono yake ilipita juu ya ubao kama ya mfumaji. Hatua baada ya hatua, bila kusita, aliucheza upya mchezo wote, wake na wa Nevenka, mpaka ya ishirini na nne. Hapo akaigusa ngome yake kwa kidole. "Na hii ilikuwa hapa. Hapa!"

"Ndiyo, ilikuwa hapo hapo."

"Ružica!" aliita kwa sauti iliyowashtua wote. "Ružica, ilikuwa hapa! Sijachakaa!"

"Mimi nilikwambia tangu zamani," mkewe alijibu toka jikoni. "Mtu anayekumbuka kila deni la chumvi nililowahi kuwa nalo kwa jirani, atasahau ngome?"

Zagorac alicheka mpaka akafuta macho. Lakini alipomgeukia Nevenka kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Umenichukulia wiki tatu, binti. Usiku nilikuwa nalala nikijiuliza nimesahau nini kingine. Nilimwandikia katibu wa mashindano barua ya kujitoa, na barua ile niliirarua mara mbili kabla ya kuituma. Unaelewa?"

"Naelewa. Nisamehe, mjomba."

"Nilikusamehe ulipokuwa bado umesimama. Lakini mchezo haujaisha. Zamu ni yako. Cheza."

Wakaumaliza. Farasi aliliwa, na baada ya hatua tisa Nevenka alimlaza mfalme wake mwenyewe, akikubali kushindwa. Zagorac alimpa mkono kama alivyompa siku ile ukumbini.

"Hatua ishirini na nne nzuri," alisema. "Hizo ni zako kweli. Watu wazima kumi na moja hawakufika huko. Sasa, nani atawaambia watu wa Vršac?"

"Mimi," Nevenka alisema.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa na kusema yote. Stanoje alikuwa wa kwanza kufungua mdomo: "Nilijua! Bingwa wa kusukuma!" Jina hilo lilimganda kwa majuma mengi, watoto walilipigia kelele hata sokoni. Mwuza mikate alimtazama kwa jicho la pembeni. Lazar alikibandua kile kipande cha gazeti, na wenzake walipomuuliza, aliwaeleza bila kuficha. Lakini Alhamisi moja Stanoje alimfuata njiani, akaunyofoa mkate wake kipande, akasema huku akitafuna: "Ukija kucheza kwetu leo, mikono juu ya meza muda wote." Nevenka akaenda.

Mwezi wa Novemba jina la Tihomir Zagorac lilionekana tena katika orodha ya mashindano ya taifa. Barua yake ya pili kwa katibu, ya kuomba kurudi, ilikuwa imefika kabla nafasi yake haijapewa mtu mwingine. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tano, na Lazar alishangilia nafasi ya tano kana kwamba kijana wao wenyewe ameichukua.

Jioni ya habari hizo Nevenka alimwuliza baba yake swali lililokuwa likimsumbua.

"Baba, kama asingejitoa mashindanoni, je, ningeusema ukweli?"

Lazar aliuweka ubao mezani.

"Sijui, mwanangu, na wewe hujui. Ndiyo maana nataka ulishike jambo hili. Mtu akidanganya hudhani amejipatia kitu bure. Hakuna cha bure. Mwingine analipa, mara nyingi yule aliyekuamini, na wala hajui analipia nini. Zagorac alikuamini wewe kuliko alivyoamini kichwa chake mwenyewe. Akutendeaye hivyo amekupa kitu kikubwa. Siku nyingine, usingoje mpaka umwone anaumia. Sema mapema."

"Nitasema mapema, baba."

"Haya. Panga kete," Lazar alisema, akivuta kiti. "Na ukinishinda leo, nitakubeba."

Nevenka alimshinda, na baba akambeba.