Kivuli cha Pili Ukutani

Mshumaa wa kwenye picha ulikuwa umefupika.

Kwa miaka miwili Peninah alikuwa akiipangusa picha ile kila asubuhi kwa mwajiri wake Mwarabu, Madam Lamees, mtaani Al Garhoud. Ilimwonyesha mtumishi wa Kizungu wa zamani akimenya viazi jikoni, nusu ya uso mwangani, nusu gizani, kivuli chake ukutani. Leo vivuli vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa kimefunga kitambaa kichwani, kama yeye.

"Peninah!" sauti ikaita nyuma yake.

"Yes, madam!"

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Madam alikuwa kazini tangu alfajiri, na sebule ilinuka mshumaa uliozimwa.

Alipotoka kutupa taka, jua lilikuwa kali. Pipa lilikuwa na kivuli, paka alikuwa na kivuli. Yeye hakuwa nacho.

Akamkimbilia Bi Rukiya, mpishi wa Kizanzibari wa nyumba ya jirani, akamsimulia yote.

"Umeitika hujamwona akuitaye?" Bi Rukiya alinong'ona.

"Nilidhani ni madam! Hapa si ukiitwa unaitika kwanza, mama?"

"Ndilo kosa letu watumishi. Ukimwitikia jini, umeikubali kazi yake. Sasa una arbab wawili, mabwana wawili, mwanangu. Akikuita tena, nyamaza. Ukiitika mara ya pili, hutoki."

Keshokutwa, Ijumaa, Peninah alikuwa arudi nyumbani Vihiga kwa bintiye Lynette, aliyemwacha hajaota meno. Angenyamaza hata kwa kushonwa mdomo. Sauti ikamwita kutoka kwenye friji, ikamwita chini ya kitanda, ikalia kilio cha mtoto anayemtaka mama yake, na yeye akang'ata taulo huku machozi yakimtoka, asimwitikie yeyote, hata madam mwenyewe, aliyemwuliza kama amekuwa kiziwi.

Ijumaa akapakia sanduku kwenye gari la madam, akarudi kuufunga mlango.

"Peninah! Pasipoti yako!" sauti ya madam ikatoka sebuleni.

Bila pasipoti hakuna ndege, hakuna Lynette. Ulimi ukamtangulia.

"Yes, madam!"

Kisha akatazama gari. Madam Lamees alikuwa kwenye usukani, pasipoti mkononi.

Peninah akataka kukimbia, lakini mikononi mwake tayari mlikuwa na kisu na kiazi, na mbele yake mshumaa mpya, mrefu. Akapiga kelele. Haikutoka sauti.

"Menya," mtu akasema gizani.

Huko nje honi ikalia, ikalia tena, kisha ikanyamaza.